Namna ya Kumtundika Balozi Sebuleni: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Palma, Mocímboa na Ibo

Kabla ya kupiga msumari wowote, ng'oa kalenda. Nasema ile ya duka la saruji, ya mwaka uliokwisha zamani, iliyoachwa ukutani kwa sababu picha yake inapendeza: maporomoko ya maji, misonobari, theluji juu ya mlima. Hakuna mzee wa Mocímboa da Praia atakayeitazama theluji ile akasema, "Hii ya kwetu." Ing'oe, ikunje, mpe mtoto afunikie daftari lake. Ukuta ukishakuwa mtupu tunaweza kuzungumza.

Tunachozungumza ni kupamba nyumba kwa picha ya zamani ya mavazi ya heshima: kilemba, joho, kanzu yenye tarizi shingoni, jambia kiunoni. Wenye nyumba wa Dar es Salaam na Mombasa wanaweza kufanya hivyo kwa sababu inapendeza, na waendelee. Sisi wa kaskazini ya Cabo Delgado tuna sababu nyingine. Vita ilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa mwezi Machi 2021, watu walitoka na kile kilichoenea mkononi: mtoto, sufuria, simu. Kasha la harusi haliendi mkononi. Humo ndani mlikuwa na joho la babu lililotoka siku ya Idi na siku ya nikaha, kapulana ambazo bibi alizipanga kwa mwaka aliozipata, kofia iliyoshonwa kwa mkono tundu kwa tundu, labda na kidani cha fedha kutoka Ibo. Wengi wamerudi. Bati jipya linameta, ukuta umepigwa plasta. Makasha hayajarudi.

Kwa hiyo kanuni kuu ya mwongozo huu ni moja, na mengine yote yanaifuata: tundika picha ambayo fundi wa kushona anaweza kuisoma. Akisimama mbele yake na asiweze kukuambia kitambaa kinaanzia wapi na kuishia wapi, hiyo picha mwachie mwenye hoteli.

Ukiniuliza uanze na ipi, nitakujibu bila kusita: Ahmad bin Na'aman.

Huyu alikuwa mjumbe wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja. Alifika New York tarehe 30 Aprili 1840 na jahazi la vita la Sultana, lililoundwa Bombay, likiwa limepakia pembe za ndovu, karafuu, kahawa, tende na ngozi, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren. Watu wa New York walijazana gatini kuwatazama mabaharia, na magazeti yakaandika juu ya mavazi yao siku baada ya siku. Baraza la jiji likaagiza mchoraji Edward Ludlow Mooney amchore mjumbe huyo. Amechorwa na kilemba chake kichwani na ndevu zake zilizotunzwa, macho yametulia kama ya mtu aliyezoea kupokewa. Hakubadili vazi ili afanane na wenyeji wake. Alikwenda kuzungumza na Wamarekani akiwa amevaa kama ambavyo angevaa kwenda barazani kwa Seyyid, na akachorwa hivyo hivyo. Mchoro una zaidi ya miaka 180, mchoraji amefariki tangu 1887, kwa hiyo hakuna mrithi atakayekudai ukichapisha nakala yako.

Utaulizwa na jirani: huyu wa New York na Unguja anatuhusu nini sisi wa Palma? Usikasirike, ni swali zuri, na jibu lake lipo karibu sana na nyumba yako. Ghuba ya Tungi, ile ile unayoiona ukisimama Palma, ilikuwa chini ya bendera ya Zanzibar mpaka mwezi Februari 1887, Wareno walipoichukua kwa mizinga ya manowari kutoka kwa Seyyid Barghash, mwana wa Said. Kabla ya hapo liwali wa Tungi alivaa alichovaa liwali wa Kilwa au wa Lindi. Mpaka wa Ruvuma ulikuja juu ya watu waliokuwa tayari wamevaa namna moja, wakisali namna moja, wakiozana. Mwambie jirani aje jioni, mtazame picha pamoja, umwonyeshe.

Na kama ni mtu wa kubisha, mpe na hadithi ya 1498. Vasco da Gama alipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi mwaka huo, mwandishi wa safari yake aliandika kwamba wenyeji walivaa kitani na pamba nzuri zenye mistari ya rangi, na vilemba vyenye pindo za hariri zilizotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Wageni wakamletea mtawala zawadi: kofia, nguo na marijani. Akazidharau. Akauliza kama wana kitambaa chekundu cha sufu nzuri. Hawakuwa nacho. Mimi nataka kila mtoto wa pwani hii alijue tukio hilo kabla hajafundishwa shuleni kwamba nguo nzuri zilishuka kutoka melini.

Hata visiwa vyetu vyenyewe vilijulikana kwa nguo. Wareno wa kwanza waliviita Quirimba Visiwa vya Maluane, na maluane lilikuwa jina la kitambaa kilichofumwa huko huko na kutiwa nili kikawa buluu ya kukoza. Kilisafiri pwani nzima na kuingia bara. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno waliivamia Quirimba wakaichoma. Ufumaji uliendelea baadaye, kisha ukafifia, na leo ukitafuta kitanda cha mfumi Quirimba hukioni. Sina picha ya maluane ya kukupa, na ningetoa chochote niwe nayo. Ninachoweza kukushauri ni hiki: ndani ya fremu ya Ahmad, badala ya karatasi nyeupe inayozunguka picha, weka kitambaa cha pamba cha buluu iliyokoza, upana wa vidole vinne kila upande. Wageni wataona urembo. Wewe utajua kwa nini ni buluu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo wauza picha hawalisemi. Vazi la namna hii halikuwa la kila mtu. Sultana ilitoka Zanzibar ya watumwa na mashamba ya karafuu, na Ibo yetu ilikuwa bandari ya kusafirishia watu. Majumba yale ya mawe ambayo watalii huyapiga picha yalijengwa kwa fedha za biashara hiyo. Kwenye pwani ile ile mtumwa alitambulikana kwa alichonyimwa: asivae kofia, asivae viatu, avae kipande cha merikani kisichotiwa rangi. Na merikani yenyewe ndiyo iliyojaa marobota ambayo Sultana ilirudi nayo kutoka New York. Ukimtundika balozi peke yake katikati ya ukuta, mrefu, amemulikwa taa, umetundika nusu ya habari, na nusu yenyewe ni ile ya wakubwa.

Dawa yake ipo, nayo ni kapulana. Tafuta moja ya zamani, ya mama au ya shangazi, hata kama imepauka, hata kama ina kiraka. Ioshe kwa maji baridi bila sabuni kali, ianike kivulini, ikunjue yote, uishikize kwa uzi kwenye ubao uliofunikwa pamba nyeupe (pini za chuma hushika kutu na kutia madoa ya hudhurungi), kisha iwekee fremu. Uitundike kando ya balozi, kimo kimoja, kingo za juu zikilingana. Kimo hiki usikibadilishe hata mkwe wako akisema picha kubwa ipande juu. Walioachwa huru pwani hii, na wanawake mbele yao, walianza maisha mapya kwa kununua kitambaa chenye rangi na kukivaa watakavyo. Kwa macho yangu vazi hilo lina heshima sawasawa na joho, na ukuta wako useme hivyo.

Kuna sababu nyingine ya kuweka kapulana. Wachoraji wa zamani walichora wanaume. Mwanamke wa ukoo wa kifalme anayejulikana sana kwa picha ni Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844, akaishia Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Alipigwa picha Hamburg akiwa amevaa mavazi ya kwao Unguja. Lakini bibi arusi wa Palma, aliyesagiwa msiro kwenye jiwe kwa maji kidogo, akapakwa uso ukawa mweupe laini, akafungwa kilemba cha kapulana na kuvishwa fedha za Ibo, huyo hakuna Mooney aliyemwekea turubai. Vikundi vya ngoma ya tufo vinavyovaa sare kuanzia kilemba mpaka kiuno ndio wanaotuchorea sura hiyo hadi leo, wakiwa hai, wakicheza kwa mabega. Ukipata picha ya kundi la mtaani kwenu ya miaka ya nyuma, hata ndogo ya kutoka studio, hata iliyokatika pembe, iongeze ukutani bila kuuliza bei ya fremu.

Tuje kwenye ukuta. Hapa watu wengi huharibu kazi nzuri kwa haraka.

Kwanza, upande. Palma na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja kutoka kusini kwenda kaskazini. Kibla yetu ni kaskazini, ikiegemea magharibi kidogo mno. Maana yake ukuta wa kaskazini wa chumba unachosalia ni mwiko kwa picha yoyote, hata ya nyanya yako. Ukuta unaofaa ni wa kusini: anayesali anaupa mgongo, na jua la asubuhi na la alasiri haliupigi moja kwa moja. Wapo wanaoona uzito kuweka sura ya mtu ndani ya nyumba, na masheikh wenyewe wana kauli tofauti. Mwenye uzito huo asilazimishwe na mapambo. Achapishe sehemu ya vazi peke yake bila uso: mkunjo wa kilemba, ukosi, mshipi. Kwa kanuni yetu ya fundi, sehemu hiyo ikikuzwa vizuri hufundisha hata kuliko picha nzima.

Pili, unyevu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hutoka jasho la chumvi, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mvua ziishe, ukungu hupanda nyuma ya kitu chochote kilichobanwa ukutani. Bandika vipande vinne vya mbao, unene wa kidole, kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite. Usipige msumari moja kwa moja kwenye matumbawe; yatamomonyoka na balozi ataanguka usiku na kukuamsha kwa kishindo. Toboa, tia kigingi cha mbao kikavu, ndipo upige msumari kwenye kigingi. Nyumba ya fito na udongo haishiki fremu nzito hata kidogo: funga kamba kwenye boriti, teremsha picha kutoka juu, uiache iguse ukuta kidogo tu. Mbao za fremu ziwe mninga au mbambakofi. Fremu za mbao laini zinazouzwa na kioo chake tayari ni karamu ya mchwa, msimu mmoja tu.

Tatu, kimo. Vitabu vya mapambo vya Ulaya vinapima jicho la mtu aliyesimama. Sisi tunakaa: kwenye mkeka, kwenye baraza, kwenye kiti kifupi. Kaa chini mahali ambapo wageni wako hukaa, tazama mbele, umwambie kijana aweke alama hapo au kiganja kimoja juu yake. Kwa kimo hicho mtoto wa miaka saba anafika kwa kidole, na kufika kwa kidole ndiko tunakokutaka. Kioo kitashika alama za vidole. Kifute.

Runinga iwe ukuta mwingine. Balozi aliyevuka bahari ya Atlantiki kwa tanga asipambane na tamthilia.

Nne, maandishi. Chini ya kila fremu weka karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wako, kwa Kimwani, Kiswahili, Kimakonde au Kireno, lugha yoyote inayosemwa humo ndani. Jina la aliyevaa, mahali, mwaka, na jina la kila kipande cha vazi. Jina la aliyevaa ni muhimu kwa kapulana kuliko hata kwa balozi. Balozi yumo vitabuni. Shangazi yako yumo kichwani mwako tu.

Kuhusu fedha za Ibo nitakwenda haraka, maana nyumba nyingi hazinazo tena. Mafundi wake, ambao karakana yao imekuwa ndani ya ngome ya São João Baptista iliyojengwa 1791, walizoea kuyeyusha sarafu kuukuu na kuzivuta ziwe nyuzi nyembamba kama unywele, kisha kuzisuka kuwa hereni na vidani. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019 kiliezua na kubomoa sehemu kubwa ya mji wa Ibo, na bado ufundi haukufa. Ukipata hata hereni moja isiyo na mwenzake, iweke ndani ya fremu ya kapulana, kwenye pembe ya chini, mahali ambapo ingegusa bega la mvaaji.

Nilimwona fundi mmoja pale Paquitequete, mtaa wa Pemba ambako mashua za waliokimbia zilitia nanga kwa wingi mwaka 2020, akifanya ninachokieleza. Alikuwa ametoka Mocímboa bila cherehani yake na alikuwa akishona kwa ya kuazima. Bibi mmoja alimletea nakala ya picha ya balozi aliyochapishiwa na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi. Huyu nani?"

"Marahaba mwanangu. Wewe mtazame kichwa. Nataka kilemba kama hiki, mjukuu wangu anaoa."

Fundi aliigeuza picha kwenye mwanga, akasogeza miwani. Hakutazama uso hata mara moja. Alifuata mkunjo mmoja kwa ukucha kutoka sikio la kulia mpaka nyuma ambako picha haionyeshi, akafumba jicho, akaufuata tena hewani kwa mkono ukizunguka kichwa chake mwenyewe. Alipotea, akaanza upya. Kisha akachukua kitambaa cha bitana kilichokuwa kwenye meza, akamwita kijana wa kupiga pasi, akamfunga kichwani, akafungua, akafunga tena, huku bibi akisema juu zaidi, hapana, huku, baba yangu alikuwa akiiacha ncha huku. Mwishowe akapima kitambaa kwa mkono wake, kidole cha kati mpaka kiwiko.

"Dhiraa nane, bibi. Lakini pindo lazima litariziwe kwa mkono. La mashine litakakamaa."

"Basi tarizi kwa mkono. Harusi ni baada ya Idi."

Kwa hiyo ushauri wa mwisho unahusu fundi kama huyo, maana atakuja na kwako. Mtu akishajua una picha inayosomeka atabisha hodi akiwa na tepu shingoni. Mkaribishe, mpe chai, mruhusu aishushe aisogeze dirishani, aipige picha kwa simu kutoka pembe zote. Mwonyeshe na kapulana ili asidhani wanaume tu ndio walivaa. Akiomba aende nayo dukani kwake kwa siku mbili tu, mkatalie kwa upole, umwambie mteja wake aje apimwe hapo hapo sebuleni. Kata ncha ya karatasi iliyobaki kwenye kalenda ya saruji, mwandikie vipimo nyuma yake, na mwambie akimaliza kulishona alilete vazi ulione likiwa mwilini mwa mtu kabla halijaenda harusini.